Gia ya Mbele Haishiki

Ng'ambo ya Vitengeni
Jumatatu, 6 Mei 2024

Kwa ndugu yangu Lewa,

Salamu nyingi. Mama hajambo, ila magoti. Mvua haijatuacha tangu Pasaka, na mnara wa simu ulipigwa na radi, kwa hivyo usishangae kupata karatasi kutoka kwangu kama enzi za shule. Anayeileta ni Sanga wa bodaboda, apelekaye kuku Malindi. Mtoni vijana humwinulia pikipiki mabegani, wakavuka nayo.

Neno langu ni moja. Mwanangu Priscilla ana mimba ya miezi minane. Mwezi uliopita nilimpeleka kupigwa picha ya tumbo, daktari akasema kondo limekaa chini, limeziba njia ya mtoto. Akaniambia, "Mama, huyu hazai nyumbani. Na pikipiki asipande, hata akifukuzwa na simba." Mtoto atatolewa kwa kupasuliwa mwisho wa mwezi huu. Akitoka damu kabla ya hapo tusingoje tarehe. Mumewe Owen yuko Lamu kwenye vibarua, sina njia ya kumpata.

Ambulansi haivuki mto. Magari ya Vitengeni hayavuki. Livukalo ni gari la marehemu mume wangu Kambi peke yake, na hilo unalijua kuliko mimi, maana ni wewe uliyemtafutia na kumtengenezea. Siku ile ya picha lilivuka vizuri, maji yakafika juu ya magurudumu. Tukarudi salama. Kesho yake nikalitia D, gia ya kwenda mbele, halikushika. Injini inapiga kelele na gari limesimama. Nikingoja, linashtuka kama punda aliyechapwa, linakwenda hatua kidogo, kisha linaachia tena. Nikilitia R linarudi nyuma bila taabu.

Njoo, Lewa. Panda na Sanga, ni safari ya asubuhi moja. Najua hujakanyaga hapa tangu harusi yako ambayo sisi hatukuja. Hayo tutayazungumza siku nyingine. Leo nakuomba kama dada.

Kahonzi


Shella, Malindi
Alhamisi, 9 Mei 2024

Dada Kahonzi,

Shikamoo, na uniamkie Mama.

Barua imefika. Kuja siwezi kwa sasa, kazi imenibana gereji. Lakini gari hilo halihitaji miguu yangu, lahitaji mtu wa kulitazama na kusema kweli, na mtu huyo ni wewe.

Gia za oto, zinazojibadilisha zenyewe, si kama gia za kawaida. Zinasukumwa na mafuta. Mafuta yakipungua au yakiharibika, ndani hakuna nguvu ya kubana, ndipo injini inalia na gari limelala. Kwa hivyo tuanze na mafuta.

Liweke mahali tambarare. Washa, uliache mpaka lipate moto. Kanyaga breki, tembeza mkono wa gia polepole kutoka P mpaka L, kisha urudi P. Usizime injini. Fungua boneti. Viko vijiti viwili vya kupimia mafuta: cha mbele ni cha injini, hicho kiache. Cha nyuma, karibu na ukuta unaotenga injini na dereva, ndicho cha gia. Chomoa, pangusa, rudisha, chomoa tena. Dondosha tone kwenye kitambaa cheupe.

Niambie kama tone ni jekundu kama sharubati ya rosela, au jeusi kama kahawa, au vinginevyo. Linuse: je, linanuka kitu kilichoungua? Lisugue vidoleni, uone kama lina chenga. Usinipambie. Niambie ulichokiona hata kama hukipendi.

Usiliendeshe mpaka nikujibu. Kila ukililazimisha unalila nyama.

Nduguyo,
Lewa


Ng'ambo ya Vitengeni
Jumamosi, 11 Mei 2024

Lewa,

Nimefanya yote uliyosema. Mafuta si mekundu wala si meusi. Ni kama chai ya maziwa iliyodondokewa na dawa nyekundu ya kikohozi. Yana povu. Hayanuki kuungua. Vidoleni yanateleza, na kuna unyuzinyuzi kama wa karatasi iliyoloa. Na kijitini yamepanda juu ya alama, si kwamba yamepungua.

Sasa nami nina la kuuliza, na wewe usinipambie. Mwandiko huu ni wa nani? Wako naujua tangu darasa la nne, unalala kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Huu umesimama wima kama wa karani. Nilimuuliza Sanga kama alikuona, akasema barua alimpa mkeo pale anapouzia mboga, na jibu akapewa na mkeo huyo huyo. Wewe hakukuona kabisa.

Basi kama ni wewe, Hope, unayemjibia ndugu yangu bila yeye kujua, nakwambia wazi: kinyongo kama unacho, nitumie mimi. Usimfiche Lewa. Mtoto wa watu asife kwa ugomvi wa harusi.

Jana Priscilla aliona damu kwenye leso. Kidogo, ikakata. Ananitazama nikiwa nimeinama ndani ya boneti, na haulizi kitu. Ningependa aulize.

Kahonzi


Shella
Jumanne, 14 Mei 2024

Dada,

Shikamoo. Mwandiko ni wa Hope, maneno ni yangu. Mkono wa kulia niliuunguza kwa radieta ya mteja, umefungwa bendeji. Ndiyo sababu, na usimtukane tena aliyekaa akakuandikia.

Ulichokiona ni maji. Maji yameingia ndani ya gia boksi. Ule unyuzinyuzi ni karatasi ngumu zinazobana ndani. Zimegandishwa kwa gundi, na maji huila gundi hiyo. Zilizobaki tunazitaka.

Maji huingia kwa milango miwili. Wa kwanza ni radieta, maana ndani yake hupita bomba la kupozea mafuta ya gia, na likitoboka maji na mafuta huoana. Fungua radieta asubuhi gari likiwa baridi. Ukiona utando wa mafuta juu ya maji, ni huo. Wa pili ni mpira wa pumzi. Gia boksi hupumua, Dada. Ina mpira mwembamba unaopanda mpaka karibu na boneti ili gari likivuka mto lisimeze maji. Tafuta ncha yake ya juu, uipulize kwa mdomo. Hewa ikikataa, mpira ni mzima. Ikipita bure, umekatika mahali.

Nimempa Sanga mafuta mapya. Chini ya gia boksi kuna sinia la chuma lenye nati moja. Fungua, mwaga, funga, tia mapya kwa faneli kupitia tundu la kijiti. Washa, tembeza gia zote, zima, mwaga tena, utie tena. Hayatatoka yote mara moja, mengi hujificha ndani ya ile ngoma iliyo kati ya injini na gia. Yakiwa bado na rangi ya maziwa usikate tamaa.

Kuja siwezi. Usiniulize tena hilo.

Lewa


(Kikaratasi kilichokunjwa ndani ya bahasha hiyo hiyo)

Dada Kahonzi,

Ningekuita wifi lakini sijaruhusiwa. Hii ninaandika Lewa akiwa ameenda msalani, kwa hivyo nitasema haraka.

Mkono wake haujaungua. Lewa haoni. Ni ile presha ya macho. Jicho la kushoto lilikufa mwaka jana kimya kimya, akawa ananiambia ni vumbi la gereji. La kulia likafuata mwezi wa pili. Hospitali walisema tumechelewa. Sasa anajua tu mchana na usiku. Gereji hajaenda tangu Machi. Njoroge, yule mwenye gereji, huja kumwona, na Lewa humwambia awaambie wateja kwamba amesafiri.

Alinikataza kuwaambia. Alisema, "Kwetu walisema nimeoa kubaya. Sasa waje waone nimekuwa kipofu, watasema ndiyo hayo."

Barua yako ya kwanza alinifanya niisome mara tatu. Ulipoandika "linashtuka kama punda" alicheka, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu Krismasi. Kisha akaweka kichwa chini na hakula.

Sikumficha kwa kinyongo. Nakuomba usimwambie kwamba nimesema. Hii usiijibu, maana barua zako zote ni mimi ninayemsomea.

Hope


Ng'ambo ya Vitengeni
Ijumaa, 17 Mei 2024

Hope,

Msomee ndugu yangu barua hii yote. Usiruke mstari, hata ukifika mahali patakapokuumiza.

Lewa, radieta safi, maji yake hayana mafuta. Ncha ya mpira wa pumzi nimeipata, imefungwa vizuri na waya wa Kambi mwenyewe. Nimepuliza. Hewa inapita bure kama kupuliza dirishani. Nimelala chini ya gari nikapeleka mkono juu ya gia boksi. Haufiki, na unapofika sijui ninachoshika. Mafuta nimemwaga na kutia mara mbili kama ulivyosema. Mara ya pili yametoka mekundu yenye ukungu. Jana gari lilishika D, nikalipeleka mpaka kanisani. Nilipiga vigelegele peke yangu barabarani. Wakati wa kurudi likaanza tena kuachia.

Na hata lingepona, mto upo. Nikivuka nalo mpira ukiwa umekatika, litakunywa tena.

Priscilla ametoka damu mara ya pili, nyingi kuliko ile ya kwanza. Mkunga wa zahanati amekuja, amemlaza, ameinua miguu yake juu ya gunia. Amesema yeye hana jingine la kufanya, na hatanidanganya.

Sasa sikiliza, Lewa. Najua kuhusu macho yako. Hope ameniandikia. Mkasirikie ukitaka, lakini baadaye. Kama angenyamaza ningeendelea kukuona mtu mwenye roho ya jiwe, na ningekufa naamini hivyo. Sitaki uje unitazame. Nataka mikono yako. Mimi nina macho mawili na sijui ninachotazama.

Mama nimemwambia. Akafunga kibwebwe chake na kwenda kukata kuni, na kuni zilikuwepo tele.

Hope, nisamehe nimekugeuka. Ungekuwa wewe ndiye mama yake Priscilla ungefanya hivi hivi. Nami nisamehe kwa ile barua ya pili, wifi.

Kahonzi


Shella
Jumatatu, 20 Mei 2024

Wifi,

Ukisoma hii Lewa atakuwa mbele yako, kwa hivyo isome kando.

Nilisoma yote, nilifanya ulivyoniamuru. Nilipofika "najua kuhusu macho yako" nikasimama. Akaniuliza, "Mbona umenyamaza?" Nikasema kuna neno silielewi. Akasema, "Kahonzi haandiki maneno magumu. Soma." Nikasoma.

Hakunipigia kelele, afadhali angenipigia. Alisema tu, "Umenivua nguo mbele ya dada yangu." Kisha akapapasa ukuta mpaka mlangoni, akakaa kizingitini, na kila mtu aliyepita akimsalimu hakuitika. Mimi nilikaa ndani nikichambua mchicha ule ule mara mbili. Nilifikiri ndoa yangu imeishia hapo, juu ya gia boksi ya gari ambalo sijawahi kuliona.

Asubuhi aliniuliza, "Ovaroli yangu umeiweka wapi?"

Nilikuwa nimeifua na kuikunja chini ya godoro. Aliivaa mwenyewe. Njoroge alileta spana, akazipanga kwenye mfuko, Lewa akazitoa na kuzipanga upya kwa mkono mpaka akaridhika. Mafuta zaidi yamo kwenye jerikeni. Nimemfunga na Sanga kiunoni kwa leso yangu, akalalamika kwamba yeye si mtoto wa kubebwa mgongoni, lakini hakuifungua.

Tafadhali mwonyesheni shimo la choo lilipo kabla hajaomba. Ataona aibu kuuliza. Chai mpeni kwa kikombe kisichojaa. Na anapotembea usimshike mkono. Mwache yeye akushike bega.

Sijawahi kulala bila yeye tangu macho yaondoke. Mrudishe.

Hope


Ng'ambo ya Vitengeni
Jumatano, 22 Mei 2024

Mke wangu Hope,

Anayeandika ni Dada, nimekaa naye kwenye ngazi ya gari. Nimefika mzima. Mtoni walitaka kunibeba kama ile pikipiki, nikakataa, nikavuka kwa miguu yangu nimeshika kamba. Maji yalikuwa kiunoni.

Mama alinishika uso kwa mikono miwili, akanipapasa kama vile asiyeona ni yeye. Akaniuliza, "Huko mjini anayekuongoza njia ni nani?" Nikasema ni Hope. Akasema, "Na sisi hatukumpa hata maji ya kunywa." Jioni aliniletea uji na kukaa karibu yangu mpaka nikaumaliza.

Sasa gari. Nililala chini nikapeleka mkono juu ya gia boksi. Pale juu, Hope, hakuna fundi anayeona, hata awe na macho sita. Nafasi ni ya kiganja tu, kila mtu hupapasa. Nikaufuata mpira kwa vidole mpaka shingoni, pale unapovaa kibomba cha chuma, nikaukuta umekauka na kuvunjika. Wakati wote ule juu ulikuwa umefungwa vizuri na chini hakuna kitu. Kwa muda nilisahau kwamba mimi ni kipofu. Dada aliponiuliza kama nataka tochi, nilimwambia ndiyo.

Nimeuunga kwa mpira wa pampu ya kunyunyizia dawa ya nyanya na kuubana kwa ukanda wa tyubu. Maji hayataingia tena. Mafuta tumemwaga tena na kutia mapya.

Lakini karatasi za ndani zimekwisha kuliwa. Nimeweka kiganja kwenye mkono wa gia, Dada akalitia D: linashika kwa kuchelewa, na likipata moto linaanza kuteleza. Halitapona bila kufunguliwa lote, na huku haliwezi kufunguliwa. Nimemwambia Dada kweli: lina safari moja, na pengine hiyo moja si nzima.

(Hapa niliacha kuandika kidogo. K.)

Tutatumia ule mkono mdogo wa gia, unaoongeza nguvu na kupunguza mwendo, na L, gia ya chini kabisa, ili ndani pasibanwe sana. Hakuna kukanyaga mafuta kwa pupa. Likipata moto tunasimama, hata kama roho inasema twende. Tutangoja maji yapungue mpaka Ijumaa, na

Hope, ni mimi Kahonzi. Priscilla ameita. Godoro limeloa. Tunaondoka sasa hivi. Sanga anatangulia na karatasi hii. Nenda hospitali, waambie anakuja mama wa kondo la chini na damu inatoka, wasitungoje mlangoni na maswali. Tafuta damu. Wifi, kimbia.


Malindi, nje ya wadi ya akina mama
Jumamosi, 25 Mei 2024

Lewa wangu,

Sanga ndiye atakusomea hii, nimemwambia asome polepole na asiongeze yake.

Priscilla yuko hai. Naanza na hilo kwa sababu najua wewe na Mama mnasubiri habari tangu Jumatano, na pikipiki ya Sanga iliyoharibika siku ile ndiyo imetengenezwa leo. Yuko hai. Mtoto ni wa kiume, mdogo sana, wamemweka kwenye kile kisanduku cha joto. Analia kama mlango usiotiwa mafuta. Muuguzi amesema kulia huko ni kuzuri.

Kizazi wamekitoa. Damu haikukatika, daktari akatoka akamwuliza wifi, "Mnataka niokoe nini?" Wifi akasema, "Mtu." Akaweka kidole kwenye karatasi ya ruhusa, hakungoja kalamu. Priscilla hajaambiwa bado. Wifi anasema atamwambia yeye, si daktari.

Damu nilitoa mimi, na Njoroge, na mafundi watatu aliowafuata gereji na kuwatoa chini ya magari wakiwa na grisi mpaka viwiko. Mlinzi wa getini alitaka kuwazuia. Njoroge alimwambia maneno ambayo siwezi kumwandikia Sanga asome mbele ya Mama.

Wifi amenieleza safari, lakini anaieleza vipande vipande, na kila mara anaanzia mahali pengine. Kwamba mlivuka mto maji yakiingia miguuni, nawe umeweka kiganja kwenye gia ukisema, "Achia. Sasa kanyaga. Achia." Kwamba mlisimama mara mbili kulipoza, Priscilla akilia kwa kiti cha nyuma, na mlipokuwa mmesimama yeye wifi alikuchukia kuliko mtu yeyote duniani. Halafu ule mlima. Anasema liliachia katikati, injini ikalia na gari likaanza kuteremka lenyewe, nawe ukasema, "Breki. Mbele kumekwisha." Akakuuliza, "Basi tunakufa hapa?" Ukamwambia, "Lina nyuma. Ligeuze."

Ni kweli, Lewa? Mliupanda mlima mzima kinyumenyume? Anasema shingo yake bado haigeuki, kwamba wewe ulikuwa umetoa kichwa dirishani kana kwamba unaona njia, ukisikiliza magurudumu na kumwambia anapokaribia mfereji. Kwamba mlitokea barabara kubwa kwa mkia, mkakutana na lori la mawe, na dereva alipoona gari linakuja kinyume na mwanamke anapiga mayowe alifikiri ni wezi. Wakamhamishia Priscilla kwenye kiti cha mbele cha lori. Nafasi ilikuwa ya mtu mmoja zaidi. Wewe ukafunga mlango kwa nje na kusema nendeni.

Aliponiambia hivyo nilimwuliza, "Ukamwacha barabarani peke yake, haoni?" Nilimwuliza kwa ukali, watu wakageuka. Akasema, "Ndiyo, wifi. Nilimwacha." Kisha nikamshika, au yeye alinishika mimi, sikumbuki. Nashukuru watu wa Vitengeni ambao dereva wa lori ametuambia walikupa kiti na kukuhifadhi mpaka ukavushwa kwa Mama. Gari Njoroge anasema libaki hapo hapo lilipo, halifai kuvutwa sasa. Sikumwuliza zaidi.

Wifi analala kwetu. Ni mchovu, anaongea usingizini, anataja gia. Jana alikaa mlangoni pale unapokaa wewe, majirani wakamsalimu, akawaambia, "Mimi ni dada yake Lewa. Macho yake yamekufa, lakini yeye yupo." Alisema hivyo tu kwa kila aliyepita. Nilitaka kumzuia, kisha nikamwacha. Kwa hivyo wanajua sasa. Shella nzima inajua. Njoroge amesema kuna magari mawili ya oto pale gereji yamemshinda, na anataka kujua utarudi lini. Sikumjibu kwa niaba yako.

Bado nakumbuka uliyosema, kwamba nilikuvua nguo. Sitakuambia sikufanya. Nilifanya, na ningefanya tena. Tukikutana unaweza kunikasirikia vizuri, uso kwa uso, si mgongoni mwa Sanga.

Na tutakutana karibu. Maji yakipungua kidogo nakuja mwenyewe kukuchukua. Wifi anataka nimpelekee Mama habari za kitukuu kwa mdomo wangu, anasema karatasi haitoshi. Nitavuka kwa miguu, nimeshika ile kamba.

Kwa hivyo niambie, usinicheke, maana nyumbani kwetu mambo ni tofauti na hakuna aliyewahi kunifundisha: huko kwenu, mkaza mwana akifika mara ya kwanza, anamsalimu mama mkwe amesimama au amepiga magoti?

Mkeo,
Hope